Jeraha Linalala Wapi?

Likizo iliyopita mpwa wangu alishuka kutoka Arusha na begi la nguo na boksi la viatu. Ndani ya boksi hamkuwa na viatu. Mlikuwa na kadi mia na ushee. Chache zilikuwa za dukani kabisa, zinateleza mkononi kama noti mpya. Nyingi alikuwa amezichapisha mwenyewe kwenye stesheneri jirani na chuo, karatasi ngumu iliyokatwa kwa mkasi, pembe hazifanani. Mchezo unaitwa Magic: The Gathering. Dada yangu aliposikia jina akataka kuzitia jikoni zote. Ikabidi kijana aape mbele ya bibi yake kwamba uchawi uko kwenye jina tu.

Sisi tunakaa Baray, chini kabisa, pale wilaya ya Karatu inapoteremka kwenda kwenye magadi ya Ziwa Eyasi. Ukitoka Karatu mjini baridi unaiacha juu, vumbi linakupokea, na msimu ukifika harufu ya vitunguu inakufikia kabla hujaona shamba. Saa saba mchana huku si saa ya kazi. Watu wanakaa chini ya mgunga. Baba yangu ana bao lake hapo, la mninga, limechakaa mpaka mashimo yamekuwa laini kama kiganja. Kete zake ni kokoto za mtoni alizochagua moja moja. Bao alijifunzia Tanga, enzi zake za mkonge, na mpaka leo akikushinda anakwambia Mwalimu Nyerere naye alicheza bao, kana kwamba kushindwa kwako kuna baraka za serikali.

Basi mpwa wangu akanifundisha kadi zake juu ya gunia, pembeni ya bao la babu yake. Sikuwa mwanafunzi mbaya. Kila kiumbe ana namba mbili chini kulia. Ya kwanza ni nguvu zake, yaani anapiga kiasi gani. Ya pili ni ugumu wake, yaani anahimili kiasi gani. Mimi nilikuwa na dubu wa tatu kwa tatu. Yeye alikuwa na tembo wa tatu kwa tano. Nikashambulia, akamzuia dubu wangu kwa tembo. Dubu akapigwa tatu, akafa, akaenda makaburini, ndivyo wanavyoliita rundo la kadi zilizokufa. Tembo naye akapigwa tatu, akabaki na mbili. Hivyo ndivyo nilivyohesabu mimi.

Zamu yangu iliporudi nikamleta dubu mwingine, nikijua tembo anamalizika. Mpwa wangu akamzuia tena kwa tembo yuleyule, akasema dubu amekufa, tembo mzima.

"Mzima vipi? Si alibaki na mbili?"

"Hapana, Mjomba. Zamu ikiisha majeraha yote yanafutika. Ana tano zake."

Nikaona naibiwa. Nikapandisha sauti. Hapo ndipo Baba, ambaye muda wote alijifanya anapanga kete zake, akageuka na kumuuliza kijana taratibu: "Huyu tembo kapigwa tatu, sote tumeona. Sasa hilo jeraha limelala wapi?"

"Limefutika, Babu."

"Nani kalifuta?"

"Sheria."

Mzee akatikisa kichwa, akarudi kwenye bao lake. Mimi nikashindwa mchezo ule na mwingine uliofuata, lakini swali lake likakaa nami. Msomaji anayedhani ni swali la kitoto ajaribu kulijibu. Kila mchezo unaoiga vita lazima uamue jambo moja: pigo likishapigwa, linakaa wapi? Na ukiangalia historia yake, majibu yamekuwa mengi, na kila jibu lina watu wake.

Tuanze na wazungu, kwa sababu hizi kadi ni zao na wao waliandika kila kitu. Mwaka 1824 ofisa mmoja kijana wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa mchezo wa vita wa kufundishia maofisa. Uliitwa Kriegsspiel, na aliuendeleza kutoka kwenye mchezo wa baba yake. Askari walikuwa vipande vilivyosogezwa juu ya ramani. Kikosi kikipigwa, mwamuzi alirusha dadu, akatazama jedwali, akasoma kikosi kimepoteza watu kiasi gani. Hasara ile haikufutika. Iliandikwa, na kikosi kiliendelea na vita kikiwa pungufu, kama ilivyo vitani kweli. Wale walikuwa watu wa kuhesabu maiti kwa kazi, si kwa burudani, kwa hiyo mchezo wao uliwafundisha kwamba jeraha linalala kwenye daftari.

Baadaye mchezo ulitoka jeshini ukaingia sebuleni. Mwaka 1971 kule Marekani Gary Gygax na Jeff Perren walichapisha kitabu kidogo cha kanuni za vita vya zama za mapanga, kinaitwa Chainmail. Humo askari wa kawaida alikuwa na hali mbili tu, yuko hai au kafa. Lakini Dave Arneson wa Minnesota alikuwa na kundi lake, ambamo kila mtu alicheza shujaa mmoja badala ya jeshi zima. Sasa mtu akishampa shujaa wake jina, na upanga, na deni la baa, hataki kumpoteza kwa pigo moja la dadu. Arneson alieleza baadaye kwamba suluhisho alilitoa kwenye mchezo wa manowari za chuma za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Meli haizami kwa risasi ya kwanza, ina kiasi chake cha kupigwa. Akachukua hesabu ile ya meli akaitia kwenye mwili wa mtu. Mwaka 1974 yeye na Gygax wakatoa Dungeons & Dragons, na toka hapo kila kijana anayecheza gemu kwenye simu, akiona ule mstari mwekundu unapungua juu ya kichwa cha mtu wake, anatazama meli inayozama polepole. Wengi hawajui. Mimi mwenyewe sikujua, na nimepoteza saa nyingi kwenye hizo simu.

Richard Garfield, mwalimu wa hisabati, ndiye aliyetunga Magic, ikatoka mwaka 1993. Yeye akafanya jambo ambalo Reisswitz asingelielewa. Alifuta daftari. Viumbe wanapigana, wanapigana kwa mpigo mmoja, anayetosha kufa anafa, asiyetosha anaamka kesho kama hakuguswa. Faida yake iko wazi. Una viumbe kumi mezani, nani ataandika kila mmoja kapigwa ngapi? Mchezo ungekuwa kazi ya karani. Lakini tazama nani hakusamehewa. Mchezaji mwenyewe anaanza na uhai ishirini, na pigo linalompata yeye halifutiki usiku. Linaandikwa kwenye karatasi, linabaki pale mpaka mwisho. Kwa hiyo jeraha la askari halina hesabu, la bwana wao ndilo linalotunzwa. Nilipomwonyesha mpwa wangu jambo hili akasema "Mjomba, ni gemu tu." Sawa. Lakini hata vita vyenyewe vinaandikwa hivyo mara nyingi, mfalme ana tarehe ya kuumwa kidole na askari hawana hata idadi.

Ule mpigo mmoja nao una habari yake. Mwaka 1999 kanuni zilibadilishwa, pigo la vita likawa linawekwa kwanza kwenye rundo kabla halijatua. Rundo ni kama magunia kwenye Fuso, la mwisho kupakiwa ndilo la kwanza kushushwa. Kati ya pigo kuwekwa na pigo kutua kulikuwa na nafasi, na wachezaji wakaingia kwenye nafasi ile kama maji kwenye ufa. Kulikuwa na kiumbe mmoja mdogo, Mogg Fanatic, moja kwa moja, ambaye mwenyewe unaweza kumtoa kafara ili ampige mtu yeyote pigo la moja. Chini ya kanuni ile alipigana, pigo lake likaingia kwenye rundo, kisha kabla halijatua akatolewa kafara akapiga tena mahali pengine. Mtu mmoja, kifo kimoja, mapigo mawili, na la kwanza lilitua wakati yeye hayupo tena. Mwaka 2009 wakaifuta kanuni hiyo. Watu walilalamika sana. Wengine waliona ndipo ujuzi ulipokuwa, wengine wakasema mwanzo haikuwa na akili kwamba aliyekwisha kuondoka anaendelea kupiga.

Mimi niko na hao wa kwanza. Kuondoka hakuzuii pigo kutua. Niulizeni mimi.

Zipo kanuni nyingine, sitazimaliza. Kuna kiumbe anayepiga kwanza, mwenzake akifa kwa pigo hilo hapati nafasi ya kurudisha. Kuna anayekanyaga, ambaye nguvu zilizobaki baada ya kumuua mzuiaji zinapita mpaka kwa bwana wa mzuiaji. Mwaka 2009 huohuo waliweka utaratibu wa kupanga foleni wazuiaji wakiwa wengi, nani apigwe kwanza, na mwaka 2024 wakauondoa. Watunga kanuni wa kadi hawatulii. Miaka thelathini na kitu wanahangaika na swali lilelile alilouliza mzee mmoja chini ya mgunga.

Mzee mwenyewe jibu lake lilikuwa limekaa mapajani. Nilimwambia siku moja, Baba, na kwenye bao jeraha linalala wapi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji yanalowanisha nini.

"Kwenye bao hakuna jeraha. Kuna kutekwa."

Kwa asiyelijua bao la Kiswahili: mashimo thelathini na mawili, safu nne za manane, kila mmoja na safu zake mbili. Kete sitini na nne, thelathini na mbili kwa mtu. Mnaanza na kete chache ubaoni, sita kwenye nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, ishirini na mbili zilizobaki ziko mkononi, na kila zamu unanamua moja. Vita viko safu za mbele tu. Safu ya nyuma ni mji, adui hafiki. Kete yako ikiangukia shimo lenye kete, na shimo la mwenzio linalotazamana nalo lina kete pia, unakula. Tunasema kula, lakini hakuna kinachoingia tumboni. Zile kete unazichukua, unazisambaza upande wako kuanzia kichwa, moja moja, na ya mwisho ikiangukia pazuri unakula tena, unaendelea mpaka ulale. Kumbe lile neno la mzee halikuwa la bahati mbaya. Kwenye bao kulala ni pale mkono unapoishia kwenye shimo tupu. Kila kitu kinalala mahali panapoonekana.

Tena kete haitoki ubaoni. Mwanzo wa mtaji, zile za mkononi zikishaisha, ziko sitini na nne, na mwisho wa mchezo ziko sitini na nne. Ulizoziteka zinakupigania wewe zamu hiyohiyo, bila kiapo, bila rangi ya upande. Na kesho zinaweza kutekwa zirudi zilikotoka. Unashindwa pale safu yako ya mbele inapokauka au unapokosa namna ya kusogea, hata kama nyuma una kete za kujaza kofia. Waswahili wa pwani wameupenda mchezo huu kiasi kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa, karne mbili zilizopita, aliutungia shairi.

Kuna watu wanasema bao ni mchezo wa kuhesabu. Kweli. Lakini nadhani pia ni mchezo wa watu walioishi mahali ambapo vita vilimalizika kwa watu kuhama upande, si kwa watu kwisha. Huku kwetu historia ndiyo hiyo. Karne ya 19 Wamasai waliwatoa Wadatoga kwenye bonde la Ngorongoro, na Wadatoga walioshuka wakatua kwenye nyanda hizi za Eyasi na kuendelea kusini. Wairaqw nao, ukichimba koo zao, nyingi zina chimbuko la nje, na wapo wenye asili ya Kidatoga waliopokelewa, wakapewa ardhi, wakazaa, wakawa Wairaqw. Bibi mzaa baba yangu alikuwa mtoto wa Kidatoga. Aliletwa mwaka wa njaa, hakuna anayekumbuka ni nani aliyemleta, na neno linalotumika nyumbani ni "kupokelewa". Nilipokuwa mdogo nililiamini neno hilo moja kwa moja. Siku ile Baba aliposema kuna kutekwa, hakuinua macho, akasambaza kete zake tano, akala tatu, akalala. Sikuuliza zaidi. Nilihesabu tu kwamba mimi ni kete ya shimo la pili kutoka alipotekwa mtu fulani, na ninapigania upande huu kana kwamba nilizaliwa nao, kwa sababu nilizaliwa nao.

Lakini jibu lililonigusa mahali penye kidonda si la kadi wala la bao. Ni la majirani zetu Wahadzabe.

Wahadzabe wana mchezo wanaouita lukuchuko. Mwanaanthropolojia wa Uingereza, James Woodburn, aliyeanza kukaa nao huku Eyasi mwishoni mwa miaka ya 1950, aliueleza kwenye makala yake ya mwaka 1982 kuhusu jamii zinazoishi kwa usawa. Kila mchezaji ana kipande cha gome la mti, upande mmoja ni mkavu wenye gamba, upande wa pili ni laini. Kipo na kipande kimoja kikubwa. Vinarushwa pamoja kwenye shina la mti, vinaanguka. Kipande chako kikianguka kama kile kikubwa huku vya wengine vimelala kinyume, umeshinda. Ustadi hauna nafasi. Huwezi kuwa bingwa wa lukuchuko, kama vile huwezi kuwa bingwa wa mvua.

Kinachowekwa dau ni mishale hasa, ile ya ncha ya chuma na ile ya sumu, ya kuwindia wanyama wakubwa. Vinawekwa pia visu, viko vya mawe, asali, nguo. Woodburn aliona wanaume wa kambi kubwa wakitumia muda mwingi kwenye mchezo huu kuliko kwenye mawindo. Wakoloni na wamisionari, na baada yao maofisa wetu wenyewe, wangeuita uvivu. Yeye aliona kazi unayofanya. Jiwe la kutengenezea kiko halipatikani kila mahali, wala vitu vingine vya lazima, na mchezo unavitembeza kutoka upande mmoja wa nchi yao mpaka mwingine bila soko, bila dalali, bila mtu kuwa na deni la shukrani kwa mtu. Na aliyeshinda sana haachiwi aondoke na mzigo. Anabanwa aendelee kucheza, mpaka vitu vitawanyike tena.

Halafu lipo sharti ambalo nilipolisoma niliweka kitabu chini nikatoka nje. Si kila kitu kinaingia kwenye dau. Upinde wa mtu hauwekwi. Mishale yake ya ndege, isiyo na sumu, haiwekwi. Mkoba wake wa ngozi hauwekwi. Unaweza kupoteza kila kitu kwenye lukuchuko mpaka jua lizame, lakini kesho asubuhi utaamka na upinde, na mishale ya kupatia ndege wa kula, na mkoba wa kubebea. Woodburn anayataja hayo kama jambo la kawaida tu, sentensi chache. Mimi nilitoka nje kwa sababu niliwahi kuweka upinde.

Ilikuwa msimu ambao vitunguu vilipata bei. Kwetu vitunguu ni maji, yale ya chemchemi ya Qang'dend na mifereji yake kwa mwenye zamu, na kwa mwenye shamba la mbali na mfereji ni pampu. Baba alikuwa ameuza ng'ombe wawili kuninunulia pampu, ya kijani, ya petroli. Nikauza magunia yangu kwa dalali, lumbesa kama kawaida, nikalia kama kawaida, lakini hela ikabaki. Jioni nikakaa na watu wawili watatu kwenye karata za pesa. Si hizi za mpwa wangu, zile zetu za kopa na shupaza. Mwanzo nilishinda. Ndivyo inavyoanza, sijawahi kusikia habari ya mtu aliyeanza kwa kushindwa akaendelea. Usiku wa manane hela ya magunia ilikuwa imehama, na mimi nikasema ninayo pampu.

Hakuna aliyesema hapana. Hilo ndilo ninalolirudia mpaka leo. Walikuwa watu wazima, wakulima kama mimi, kila mmoja anajua pampu ni nini huku kwetu. Sheria ya karata zetu haikuwa na kitu kisichowekwa. Na yule aliyeishinda alisimama palepale, akapiga miayo, akasema usingizi, akaondoka. Kwenye lukuchuko wangemkalisha.

Msimu uliofuata nilikodi pampu yangu mwenyewe, elfu kumi na tano kwa siku, mafuta juu yangu. Baba hakusema neno. Alikuja shambani siku ya kwanza, akaitazama inavyounguruma, akagusa rangi ya kijani kwa kidole, akarudi nyumbani kwenye bao lake. Sijainunua tena mpaka leo, mwenyewe hauzi. Nikiisikia ng'ambo ya mfereji naijua kwa sauti.

Sisemi Wahadzabe wamejaliwa hekima ambayo sisi tumenyimwa, hayo ni maneno ya watalii wanaopitishwa hapa asubuhi na mapema kwenda kupiga picha za mawindo. Tena upinde wao wenyewe umewekwa dau na watu wengine. Pori walilowindia limekatwa kwa mashamba na malisho, mashamba yetu ya vitunguu yakiwemo, langu likiwemo. Mwaka 2011 wale wa bonde la Yaeda, upande wa Mbulu, walipata hati ya kimila ya ardhi ya pamoja, na hiyo ni karatasi inayosema kitu hiki hakiwekwi. Huku upande wetu wa ziwa, mwenye upinde anazidi kuzungukwa na wenye pampu. Kwa hesabu ya Garfield jeraha hilo lingefutika jioni. Kwa hesabu ya Reisswitz lingeandikwa.

Nirudi mgungani. Siku mbili kabla mpwa wangu hajaondoka, Baba alisema naye anataka kucheza hizo kadi. Kijana akafurahi, akamchagulia viumbe wazuri, akamsomea Kiingereza kadi moja moja. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema amekubali yote isipokuwa moja. Kisha akachota kokoto kwenye bao.

Vita vya kwanza, tembo wa mpwa wangu alipigwa mbili na kupona. Baba akaweka kokoto mbili juu ya kadi ya tembo.

"Babu, zamu imeisha, hizo zinatoka."

"Hazitoki."

"Sheria inasema zinatoka."

"Hiyo ni sheria ya Arusha."

Wakacheza hivyo. Ukawa mchezo mwingine kabisa. Mara ya kwanza mpwa wangu alishambulia kwa pupa kama alivyozoea, na baada ya zamu nne viumbe wake wote walikuwa wamebeba mawe, wanatembea kama punda wa mnadani. Akapunguza. Akaanza kufikiri muda mrefu kabla ya kumgeuza kiumbe. Kuna wakati zamu tatu zilipita hakuna aliyeshambulia, wanatazamana tu, nikamwona kijana anamtazama yule tembo wake mwenye kokoto nne juu ya tano kama anayemwonea huruma. Mwisho akamtuma. Alikufa, ndiyo, lakini alimfikisha Babu kwenye uhai mbili. Mzee alishinda kwa tabu, na safari hii hakumtaja Nyerere.

Kukawa giza. Wakaanza kurudisha kokoto kwenye bao, maana kesho kuna mtu anakuja kucheza. Mzee anahesabu kwa vidole, hajawahi kukosea. Sitini na tatu. Akahesabu tena. Tukawasha tochi za simu, mimi na mpwa wangu, tukaanza kupekua chini ya gunia, kwenye boksi la viatu, katikati ya mizizi ya mgunga, huku yeye ameketi na bao mapajani, anatungoja.